Mlango wa Chumba cha Nyuma

Bwiza, Jumatatu

Kaka Massoudi,

Assalamu aleikum, wewe na wa nyumbani kwako huko Dubai. Huku mvua imerudi, ndagala za ziwani zimepanda bei, na Mama ameanza kula tena.

Leo nimetoka ofisi ya komini, mara ya sita. Nataka ukumbi wa harusi wa mtaa uwekewe kifaa kinacholia hewa ya makaa ikijaa ndani. Shule na materniti wanapojifungulia wanawake pia. Bwana Hyacinthe wa ofisi alicheka: "Mama, makaa haina hata moshi, itaua nani?"

Nikamuuliza: "Sasa mi nilizika nani?"

Akasema niandike ombi. Nimeandika, na wanawake thelathini wa Bwiza na Jabe wametia sahihi.

Kaka, tulikwambia kwamba moyo wa mdogo wetu Sijaona ulisimama siku ya harusi yake. Tulikuficha ukweli. Tulikuwa tunamfukiza udi uliotuma, katika chumba cha nyuma cha ukumbi ule, juu ya mbabula mbili za makaa mekundu. Madirisha tuliyaziba ili harufu ishike nguo. Akasema kichwa kinamuuma. Tukadhani ni wasiwasi wa bibi harusi. Nikamwambia alale kidogo, nikatoka, nikafunga mlango.

Alhamisi narudi komini. Wakinifukuza, nitarudi Ijumaa.

Udi usitume tena. Tuma kifaa kimoja. Nitakipigilia kwa mkono wangu, juu ya mlango ule nilioufunga.

Dada yako,
Khadidja