Gari Imewaka, Baba Shiro

Baba Shiro,

Sikusalimii. Watu wakiandika barua huanza na habari ya siku nyingi, sisi huku hatujambo, sijui nini. Mimi leo sina hiyo salamu. Nimekasirika na wewe tangu siku tulipokuzika kwenu, na pale kaburini nilinyamaza tu kwa sababu ya mamako na watu wa kanisa. Sasa Shiro ameenda shule, niko peke yangu hapa mezani Mugutha, na nitasema yote.

Ulikufa ukingojea dereva. Hicho ndicho kinanichoma. Jumapili, tumetoka kanisani, umekaa kwa kiti unatoka jasho, mkono kifuani, na gari iko hapo nje ina mafuta. Mimi nina leseni. Nikakuambia twende hospitali Ruiru, naendesha mimi. Ukasema, "Wewe utatugonga. Tumngoje Kamau." Kamau ndugu yako atoke Kamenu, aje mpaka hapa, ndio upelekwe. Nikasema basi niite teksi. Ukasema teksi ya nini na gari iko? Na ufunguo ulikuwa mfukoni mwako, umeukalia. Kamau alipofika ulikuwa umeshaacha kunijibu.

Na hiyo leseni, si ni wewe ulinipeleka kujifunza Thika? Nilipopita mtihani ulinunua nyama, ukaita majirani, ukapitisha leseni kwa mikono ya watu wote waone picha yangu. Halafu jioni ukaniambia niiweke vizuri isipotee. Nimeiweka vizuri, Baba Shiro. Haijapotea. Siku ile ilikuwa kwa mkoba, mkoba uko mapajani mwangu, nikikupepea na karatasi ya matangazo ya kanisa.

Ngoja nifute uso.

Haya. Baada ya matanga Kamau alirudisha gari, akaiegesha karibu na tangi la maji, akavuta handibreki, akaenda zake. Hakuna mtu aliigusa tena. Nilikuwa naanika blanketi juu yake. Kuku wa jirani walitaga chini yake, nyasi ikamea mpaka ikafika kwa mlango. Sikutaka hata kuiangalia, maana nikiiona nakuona wewe na lile shavu lako ulilokuwa ukilifurisha ukikataa kitu.

Halafu majuzi Kamau akanipigia simu. "Mama Shiro, gari ikikaa inaoza. Nitakuja Jumamosi niichukue niwe nikiitumia, na mkitaka kupelekwa mahali mtanipigia." Mtanipigia! Aki ya Mungu nilikaa chini. Umesikia hiyo? Umekufa, umezikwa, na bado natakiwa nimngoje Kamau.

Alikuja kweli, na akaja na mamako. Cucu, huyo nyanyake Shiro, alikuwa amevaa kama mtu anaenda harusi. Alisema gari ni ya mtoto wake na mtu wa kwanza kuipanda ni yeye. Akaingia nyuma, akafunga mlango, mkoba mapajani, akaanza kuomba. Kamau akafungua boneti na hata hakuinama kuangalia. Akaingia, akazungusha ufunguo, gari ikasema tik tik ikanyamaza. Basi akaleta yake, akazikutanisha pua kwa pua, akatoa zile nyaya za kuunganisha betri mbili.

Hapo ndipo nilikusikia. Si mzimu, usijione. Ni wakati ule wa korona nilikumbuka, kiwanda ulichokuwa unafanya kazi kilipofungwa na gari ikakaa bila kazi. Siku ya kuiwasha ulinitoa jikoni mikono ina unga. Ukanikalisha kwa kiti cha dereva, wewe uko mbele kwa injini unapiga kelele, "Kanyaga! Wacha! Nimesema wacha!" Mguu wangu ulifaa, mimi mwenyewe sikufaa. Lakini kabla ya hiyo kanyaga ulizunguka gari yote ukinihubiria. Ati gari iliyokaa, mtu haingizi ufunguo kabla hajainama kuona kama kuna kitu kimevuja. Ati fungua boneti unuse. Ati panya wanapenda injini, wanatafuna mpira na waya, na ukiwasha na kuna petroli imemwagika mtachomeka wote. Ati usiwashe mahali pamefungwa, ule moshi unaua mtu akiwa amekaa tu. Hiyo ya moshi uliisema mpaka nikakuuliza kama unataka niikariri kama mstari wa Biblia.

Kumbe nilikuwa nasikia. Nilitoka jikoni na sufuria mkononi, petroli ikanipata puani. Chini ya injini udongo ulikuwa umelowa. Kamau alikuwa ameshabana nyaya kwa betri yake, anakuja na zile ncha zingine kwa yetu, na hizo zikigusa hutoa cheche. Na mamako yuko ndani, amefunga macho, anaombea safari.

Nilipiga nduru, sufuria ikaenda huko. "Kamau, wacha! Usiguse!" Nikamtoa Cucu kwa gari nusu nikimbeba, akiniuliza kama nimeingiwa na wazimu, mpaka kwa geti. Kamau nikamwambia atoe nyaya kwa gari yake na airudishe nyuma. Aliona uso wangu, hakubisha. Tulipoinama na tochi tukaona mpira wa petroli umetafunwa, na pale juu panya wamejitandikia sponji na maganda ya mahindi kama wapangaji wa kudumu. Kamau alikalia jerikeni. Akaniuliza, "Ulijuaje?" Nikamwambia ndugu yake alinifundisha kila kitu cha hii gari, akaninyima tu kuiendesha.

Hakutaja tena habari ya kuichukua. Alirudi Kamenu akiwa mpole. Cucu akakataa kwenda naye, akasema hatoki hapa kabla hajapanda gari ya mtoto wake.

Sasa unaona vile unanikasirisha? Ungekuwa mjinga ningekusamehe. Lakini ulijua! Gari ikitoa kamlio kadogo unashinda chini yake Jumamosi nzima. Kifua chako kimekuuma wiki nzima, ukaniambia ni gesi, ni zile chapati za kantini ya kazini. Walikuja kanisani kupima watu presha, bure kabisa, ukaangalia foleni ukasema una haraka. Haraka ya kwenda wapi? Ya kuja kuosha gari. Injini ikiharibika, Baba Shiro, watu hutafuta ingine. Shiro nimtafutie baba wapi?

Fundi wa hapo barabarani alikuja akabadilisha ule mpira, akatoa panya na nyumba yao, akaangalia waya, akamwaga petroli ya zamani na kutia mpya. Betri akaenda nayo kuichaji, akairudisha. Nilimsimamia vile ulikuwa unasimamia watu, mpaka akaniuliza kama nataka kushika spana. Oili nilipima mimi, na maji, na mafuta ya breki. Tairi zilikuwa zimelala, tukazijaza upepo. Halafu nikamwambia asonge, nikafungua geti wazi, nikaangalia kama iko kwa gia, haiko, nikakaa kwa kiti chako. Nilikivuta mbele kwa hasira, kikalia kraa.

Nikazungusha ufunguo, gari ikakohoa kwanza. Halafu ikawaka. Sikuikanyaga, niliiacha ingurume pole pole yenyewe, nikaona ile taa nyekundu ya oili imezima, vile ulisema. Nikalia hapo hapo, na usifikirie ni huzuni peke yake. Ilikuwa rahisi! Kitu rahisi hivyo, na ulikuwa umekifanya kiwe cha wanaume.

Gurudumu la nyuma lilikuwa limeshikwa na kutu. Lilipoachia lilipiga pah, na Cucu kutoka kwa mlango wa jikoni akasema "Ngai!" Nilienda mbele na nyuma hapo uwanjani nikijaribu breki, mpaka nikaona zinashika vizuri kila nikikanyaga. Ndio nikamfungulia mamako mlango. Safari hii alikaa mbele.

Nilikuwa nimemwambia tunaenda soko. Hatukuenda soko. Nilifuata ile njia tungefuata siku ile, wewe na mimi. Matuta nilipita taratibu, watu wa bodaboda wakanipigia honi, nikawaacha wapite. Sikugonga mtu. Hata kuku sikugonga. Nikasimama nje ya geti la hospitali, nikazima. Cucu alikuwa bado anaimba ule wimbo alianza tukitoka Mugutha.

Akaukatiza wimbo. Akaangalia geti, akaangalia wagonjwa wakiingia wameshikwa mikono. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni hapa mtoto wangu alikuwa aletwe?" Nikamwambia ni hapa. Akageuka nyuma akaangalia barabara tuliyotoka nayo. "Kumbe ni hapa tu?"

Mamako alilia, Baba Shiro, kuliko alivyolia siku ya kukuzika, na mimi nikashika usukani na mikono yote miwili mpaka askari wa geti akaja kutuambia tusonge.

Sasa nakuaga. Bado nimekasirika, na bado nakupenda, na sioni vile hivyo viwili vitaachana. Pumzika. Gari haiendi Kamenu. Shiro akifikisha umri nitamkalisha kwa kile kiti, na hatakuwa mguu wa mtu, ataiendesha barabarani kama mwenye gari. Na mtu yeyote wa nyumba hii akishika kifua, awe mamako, awe hata Kamau, namwingiza kwa gari akikataa akikubali, tunaenda saa hiyo hiyo.

Hatumngoji mtu tena.

Mama Shiro