Siku Nilipoulizwa Ukoo Wetu Hauli Nini

Nachingwea, Jumapili jioni. Mawingu yamesogea tangu adhuhuri lakini mvua haikunyesha. Mji mzima unanuka mabibo yaliyochacha. Moyo wangu umetulia, hali ambayo asubuhi sikuitarajia hata kidogo.

Shajara yangu, naomba kuyawasilisha mambo kwa mpangilio.

Mimi ni mkazi wa Ruangwa, na kazi yangu ni kuwaandikia watu maombi na malalamiko kwenda kwenye ofisi mbalimbali. Shuleni sikufika mbali. Lugha niliyo nayo niliipata kwa kunakili matangazo ya ubao wa ofisi ya kata, mpaka nikafahamu sentensi inapaswa kusimama vipi. Nalisema hili bila aibu, na pengine kwa majivuno kidogo.

Miaka mingi iliyopita nilimwandikia maombi ya kibali cha kuishi mwanamke aitwaye Hoa. Alikuja kutoka Vietnam akiwa msichana, pamoja na baba yake, mpima ubora wa korosho aliyeletwa huku na wanunuzi. Watu wao huja na msimu na kuondoka na msimu. Ni wachache mno waliobaki. Hoa alibaki kwa sababu ya Bakari, dereva wa malori ya korosho, mwenyeji wa Mbekenyera. Alisilimu, akaolewa, akahamia hapa Nachingwea, na leo anajulikana kwa jina la Mama Zuhura. Tangu siku ya maombi yale ananiita kaka. Nami niliitika kila mara, kama mtu anavyoitikia salamu.

Sasa Zuhura, binti yake, amepata mchumba: Hamisi, kijana wa Nkowe. Kwa upande wa dini hapana kikwazo, maana Bakari yupo na ndiye walii wa kumwozesha. Lakini sisi watu wa huku mtoto humhesabu kwa ukoo wa mama yake, na anayesimama siku ya posa kuutaja ukoo huo ni mjomba. Kwao Hoa walizaliwa wasichana watupu. Bi Somoe, bibi yake Hamisi, akaleta neno: kama hakuna mjomba, vitukuu vyake vitazaliwa bila pa kuegemea, na posa itarejea Nkowe kama ilivyokuja.

Hoa akanipigia simu. "Wewe si kaka yangu?" akauliza.

Nikajibu ndiyo kabla sijatafakari.

Nilifika jana asubuhi nikiwa na karatasi na kalamu mbili, nikidhamiria kuchukua maelezo kama nichukuavyo ya mteja yeyote. Nilimkuta jikoni. Nikamwomba anitajie ukoo wake. Akanitajia wa baba yake. Nikamweleza kwamba hapa tunafuata mama, mama wa mama, na mama wa huyo.

Akacheka. "Kaka, kwetu hao hakuna anayewaandika. Tunawapika tu. Weka kalamu, kata bamia."

Sijawahi kukata bamia maishani mwangu. Zuhura alikuja akanitazama, akasema, "Mjomba, unazikata kama unazihukumu kifungo." Nilijitahidi kutocheka.

Walikuwa wakipika mchuzi mchachu wa samaki, ambao kwao kila mama hufundisha bintiye. Hoa alikuwa akitia kitu sufuriani, kisha anamtaja mtu. Bibi mzaa bibi yake aliishi kaskazini ya nchi yao, na uchachu wake aliupata kwenye wali uliochachishwa mtungini. Alipohamia kusini alikuta miti ya ukwaju, akaacha wali, akashika ukwaju. Mwanawe alilea watoto wakati wa vita, na samaki walipokosekana alijaza sufuria kwa majani ya kando ya maji yanayofanana na tembele. Hadi leo majani hayo hayakosekani. Mama yake Hoa aliuza mchuzi huo kandokando ya mto, na ndiye aliyeongeza nanasi, kwa kuwa wateja walipenda utamu.

"Na wewe umeongeza nini?" nikamwuliza.

"Mimi? Nimeongeza Nachingwea." Akaonyesha kambale wa bwawani na ukwaju wa sokoni. Kisha akafunua ndoo yenye dagaa na chumvi, ambayo maji yake ndiyo chumvi ya kila chakula chao. Harufu ile sitaieleza. Jirani aliita kutoka uani, "Mama Zuhura, funika bwana! Dagaa wako hawa wanakufa mara ngapi?" Hoa akamjibu, "Wakifufuka nitakuletea!"

Niliondoka jikoni nikiwa na kurasa nne. Jana jioni niliketi nikazipanga, nikaandika hotuba. Nakiri kuwa ilikuwa hotuba nzuri.

Leo wageni walifika baada ya swala ya adhuhuri. Tuliketi sebuleni: Bakari, mimi, wazee watatu wa Nkowe, na Bi Somoe, ambaye kwa umri wake hakuna aliyethubutu kumwambia akakae na wanawake ndani. Nilisimama nikafungua karatasi. "Waheshimiwa wazee, kwa heshima na taadhima, naomba nafasi mbele ya kikao hiki..."

"Mwanangu," Bi Somoe akasema, "hapa mahakamani?"

Wazee wakacheka. Hata Bakari alicheka, ilhali ni mwenyeji wangu.

Nikaikunja karatasi. Nikasema kwa mdomo. Nilimtaja bibi wa wali uliochachishwa, nikamtaja wa majani, nikamtaja wa nanasi, mmoja baada ya mwingine hadi Zuhura. Bi Somoe alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza nilidhani nimeshinda.

Akafumbua macho. "Haya. Umeniambia wanachokula. Mwiko wao nini?"

Niliikunjua karatasi, nikaipekua, nikaikunja tena.

Naomba nieleweke. Kila ukoo wa kwetu una kitu usichokila. Mtoto mdogo atasahau jina la babu lakini atakwambia kwao hawali kanga au hawali kobe. Ndilo swali la kwanza ambalo mtu yeyote wa Ruangwa angemwuliza mgeni, na mimi mwenyewe nimeulizwa mara nyingi. Nilikaa jikoni siku nzima nikaandika kila kilichoingia sufuriani. Sikuuliza hata mara moja kilichokatazwa kuingia.

Mzee mmoja akaguna. Mwingine akasema taratibu, "Basi huyu si mjomba. Huyu ni karani."

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Nilijua pia kwamba nyuma ya pazia Zuhura anasikia. Ningeweza kutaja mnyama yeyote. Nani angevuka bahari kwenda kuhakikisha? Lakini katika kazi yangu sijapata kuthibitisha jambo nisilolijua, na sikutaka nianze na ndoa ya mtoto huyu.

Nikasema, "Sijui. Naomba ruhusa nikamwulize dada yangu."

Bi Somoe akasema, "Mwulize hapa hapa, tusikie."

Hoa akatoka akiwa amejitanda kanga. Neno mwiko alilijua kwa kijiko cha kusongea ugali, si kwa hili, nikamweleza: chakula ambacho mama alikataza msile, hata kama kipo, hata kama mna njaa.

Aligeuka akatazama jikoni. Nilianza kuogopa.

"Mbegu," akasema.

Akaeleza, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwamba kule kaskazini iliingia njaa. Baba wa yule bibi wa wali uliochachishwa alipika mpunga wa mbegu, wote wakala, wakalala wameshiba siku moja. Mvua ziliponyesha hawakuwa na cha kupanda. Ndipo walipoacha shamba na makaburi wakahama. Bibi huyo akaapa: uzao wake usile mbegu tena, liwalo na liwe. Kila binti akiolewa hupewa mbegu aziweke juu ya moshi wa jiko, na hata wakilala njaa hakuna anayezigusa.

"Mimi ninazo," akasema. "Za mahindi na ufuta, maana mpunga hapa haukunikubali."

Bi Somoe aliomba ainuliwe. Tukamwinua. Akaingia jikoni mwenyewe, akatazama juu ya moshi, akarudi polepole akaketi. Akasema neno kwa Kimwera na wazee wakaitikia. Kisha kwa Kiswahili: "Mwaka ule wa ukame baba yangu alikula mbegu. Nilikuwa mdogo, nilizila pia. Tulikwenda kuomba mbegu kwa watu." Akamtazama Hoa. "Ukoo usiokula mbegu, mjukuu wangu na aoe humo."

Nyuma ya pazia kulisikika kigelegele, na sidhani kama kilikuwa cha mtu mmoja.

Chakula kikaletwa. Bi Somoe alionja mchuzi, akakunja uso mzima. "Uwi! Huu uchachu umeniuma hadi meno niliyokwisha kuyazika." Akaongezewa, akamaliza. Yule mzee aliyeniita karani aliomba nanasi tu. Sikumlaumu.

Walipokuwa wanapanda gari kurudi Nkowe, bibi yule alinishika mkono. "Mjomba, sikiliza. Huyu mwali akigombana na mumewe, siendi kwa baba yake. Nakuja kwako Ruangwa, mvua au jua."

Nikajibu, "Karibu, mama." Maneno mawili tu. Mimi!

Sasa nimeketi barazani kwa Bakari. Ndani wanacheka, na Zuhura ameniletea chai bila kuombwa. Sikuzaliwa na dada. Kwa watu wa kwetu, mwanamume wa namna hiyo hana mpwa wa kumzika wala wa kumkemea, na nilikwisha kulizoea hilo kama mtu anavyozoea kigugumizi. Leo nimekabidhiwa binti ambaye atakuja kunilalamikia, atanidai ushauri na atanikaripia nitakapokosea. Sijui kazi hii inafanywaje. Hakuna ubao wa tangazo nitakaouiga.

Nadhani nitaanza kwa kuuliza maswali niliyoyasahau.

Kesho, kabla sijarudi Ruangwa, Hoa amesema nipite jikoni nichukue mbegu zangu.