Aliaga

Chang'ombe, 8 Machi 1953

Mdogo wangu Leodegar,

Tumsifu Yesu Kristo. Sie huku wazima, Benedicta kapona surua, jiko linawaka. Natumaini wewe na mkeo hapo Kinondoni mu wazima pia. Ningekuja mwenyewe, si mbali, ila tangu kesi ile miguu yangu imekataa njia hiyo. Basi naituma karatasi.

Gozbert katoka gerezani. Miezi miwili kwa kosa la kutoroka kazi. Mume wangu, mtu ambaye hata akienda kisimani husema "naenda naja"! Kila karakana ya mbao anayobisha hodi humwambia watoro hawaajiriwi. Sasa anashinda uani, ananoa msumeno usio na mbao.

Nasikia umepandishwa, ndiwe mkuu wa wakalimani na makarani mahakamani, na umeagizwa uandike kitabu cha kuwafafanulia watu sheria ya kazi. Hongera. Basi nijibu, mkuu. Siku ile Gozbert alisema, "Nilimuaga nyapara, nikaenda Kimara kumzika baba mdogo." Wewe ulimwambiaje hakimu kwa Kiingereza? Karani mmoja anayekula kwangu alikuwapo. Anasema ulitafsiri kwamba Gozbert aliagana na kazi.

Dada yako,
Felicitas

Kinondoni, 15 Machi 1953

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nashukuru Mungu kwa Benedicta. Mimi nipo, kifua tu kinanisumbua kidogo.

Dada, mkalimani si wakili. Haruhusiwi kutia maji katika mchuzi wa mtu. Shemeji alitoa neno moja, nami nikatoa neno moja. Kamusi iliyopo mezani kwangu inasema kuaga ni kusema kwaheri. Ningefafanua zaidi, nyapara Albano angesimama pale pale aseme namtetea shemeji yangu. Naye alikwisha kuapa kwamba hakutoa ruhusa.

Kesi iliyokwisha haifunguliwi kama mlango wa jikoni, hasa sasa nikiwa mkuu mpya na kila jicho liko kwangu. Vuta subira kitabu kitoke.

Mdogo wako,
Leodegar

Chang'ombe, 22 Machi 1953

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua chako kitilie asali. Majibu yako lakini nimeyarudisha sufuriani, hayajaiva.

Kamusi hiyo imewahi kuaga mtu? Ukisimama mlangoni ukasema "naaga", mwenyeji asiyetaka uende hukwambia "ngoja kwanza". Anayekubali hukwambia "haya, nenda salama". Ruhusa iko hapo hapo, haitafutwi kwingine. Albano alimjibu Gozbert, "Pole sana, nifikishie rambirambi kwa wafiwa." Tangu lini mtoro akatumwa rambirambi? Mwizi haagi. Mtoro haagi. Anayeaga ni mwenye kurudi, na Gozbert alirudi, tena na jembe la kuzikia begani, akamkuta askari anamngoja getini!

Nimekusomesha kwa maandazi, najua kupiga hesabu. Hii ni nyepesi: neno moja, miezi miwili. Neno ulilitoa wewe, miezi akaitoa mwenzio hakimu.

Siombi senti yako. Ingia kwa hakimu umweleze maana ya neno hilo, wamfutie Gozbert jina la mtoro. Fanya upesi. Siku hizi hasemi. Jana kavaa shati, katoka. Aliporudi nikamwuliza, "Baba Benedicta, mbona hukusema unakwenda?" Akanijibu, "Kusema ndiko kulikoniponza."

Dada yako,
Felicitas

Kinondoni, 2 Agosti 1953

Dada yangu,

Shikamoo. Najua nimenyamaza mno. Sijui hali zenu, na nina haya hata kuziuliza.

Nakuletea kitabu, kimetoka. Tazama ukurasa wa tisa: "Kuaga ni kuomba ruhusa kwa adabu. Mwajiri asipomzuia aliyeaga, amemruhusu." Maneno ni yako, nimeyavisha koti tu.

Nimeingia kwa hakimu. Alimwita Albano, na Albano alipoulizwa habari ya rambirambi alitazama chini, akakiri. Hakimu amekubali kesi ipelekwe juu ipitiwe upya. Kilichobaki ni kidogo: shemeji afike mahakamani Jumatatu ya tarehe kumi, asubuhi, arudie alichosema. Safari hii nitakitafsiri chote.

Jambo hili lilikuwa la siku moja, dada. Nilitaka kitabu kichapwe kwanza, ili hakimu aamini neno lililochapwa kuliko la shemeji wa mtu. Ndivyo nilivyojiambia. Ningeweza kuingia mwezi wa Machi.

Mdogo wako,
Leodegar

Chang'ombe, 4 Agosti 1953

Mdogo wangu,

Marahaba. Benedicta mzima. Na mie nasimama.

Ukurasa wa tisa nimeusoma mara mbili. Umeandika vizuri. Laiti ungeuandika kwa mdomo, siku ile.

Gozbert hayupo. Aliondoka mwezi wa Juni, alfajiri, mie nikitia mkaa jikoni. Nilisikia mlango nikadhani anakwenda kisimani. Msumeno kauacha ukutani, umenoleka hata mtu anajiona uso. Nimeuliza stesheni, nimefika Kimara kwa miguu, kwao Bukoba nimeandika, wamejibu hawajamwona. Sikukwambia. Nilikuwa nangoja uniulize.

Jumatatu nitakuja mahakamani peke yangu. Nitasimama pale alipokuwa amesimama, na hakimu wako akiuliza yuko wapi, utamtafsiria jibu langu. Ni neno moja tu, halihitaji kamusi.

Hakuaga, Leodegar. Nawe sasa unajua maana yake.

Dada yako,
Felicitas