Buti za Kaka Hoza

Mjukuu wangu Salehe,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Huku Malindi mvua haijakatika, na mama yako bado anakohoa.

Unauliza buti zako uzipake nini zisipitishe maji huko Mbeya. Yeyusha nta ya nyuki na mafuta ya kondoo, upake yakiwa vuguvugu. Lakini kwanza anika ngozi kivulini, hata siku tatu.

Enzi za Mwingereza, kaka yangu Hoza alikuwa mlinzi wa msitu. Masika moja alivua buti ukingoni ili zisilowe, akaingia mtoni kuvuka. Mto ukamchukua. Buti zililetwa nyumbani zimenyeshewa chepechepe. Mama yangu hakulia. Alizipaka mafuta siku ile ile, akazitundika ukutani.

“Akirudi azikute laini,” alisema.

Kila Ijumaa alizing’arisha. Mwaka uliofuata nilizishika. Nje zilimetameta, ndani zimeoza, kidole changu kikapenya. Maji yalikuwa yamefungiwa humo tangu siku ile. Mama tulimzika kabla ya vuli, hajadondosha chozi.

Na mimi nilimuiga, Salehe, sikulia. Sasa nataka kumlilia Hoza, na machozi hayaji.

Bibi yako,
Zaina