Usimwite Mabula Mwigizaji

Mjukuu wangu Masanja,

Shikamoo yako ya kwenye simu sikuiitikia, basi marahaba, ipokee hapa. Huku Kambarage tuko wazima, mguu wa mama yako umepona. Na wewe unakula? Usilale na chai tupu.

Unauliza kwa nini nilikukatia simu. Ulicheka! Eti wapiganaji wangu wa mieleka walikuwa waigizaji.

Nilipokuwa binti, tukianika dagaa kule Nkome ziwani, kulikuwa na kibanda kimoja cha video kilichoonyesha mieleka. Tulimpenda bonge moja la mtu aliyefunika uso kwa kitambaa chekundu, tukambatiza Mabula. Tulikaa kama kwenye mashindano ya ngoma zetu za Kisukuma, kundi la Bagika huku, wapinzani wao Bagalu kule, na Mabula alikuwa wetu sisi Bagika. Kila Jumapili adui alimvizia akampiga kiti mgongoni. Tukasema amerogwa. Tukaleta dawa ya ngoma, ile wachezaji wanayojipaka wasirogwe na wapinzani, tukaipaka ile televisheni kioo kizima. Akapigwa tena palepale!

Mwenye kibanda akafoka, "Nyie mabinti, mmenichafulia kioo! Huu mkanda si uleule wa wiki jana?"

Nikamjibu, "Kama ni uleule, wewe mbona umefumba macho?"

Huyo ndiye babu yako. Alijua mkanda wote kwa moyo, lakini mpaka tunamzika hakuwahi kukitazama kile kiti kikishuka.

Ukija likizo, nenda kaburini kwake ukamwambie yeye kwamba ni maigizo. Mimi usiniambie.

Bibi yako anayekupenda,
Mama Kabula