Mashine Yangu na Mtumbwi wa Pombe wa Ta Bitegeko

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika tangu saa nane, ukungu umelala juu ya migomba, na mimi nimetulia.

Daftari langu, pokea haya: kama bahati ingegawiwa kwa kibaba, mimi ningepewa gunia. Risasi za vita kule Bama zilinipita nikiwa nasonga ugali. Na sasa mashine ya kuchonga chuma, iliyotupwa nje kwenye machimbo ya bati kule Kyerwa ikala mvua hadi ndege wakajenga ndani yake, imefunguka mikononi mwangu bila kumgharimu mtu yeyote kitu. Kijiji hiki kizima cha Ihembe, nani mwingine ana bahati hii?

Wanaodhani ni kinu cha mahindi nawasamehe. Kisu chake kinazunguka pale juu, na meza ya chuma inakisogezea kazi taratibu, kama mama anayelisha mtoto. Niliiona ya namna hiyo kwenye karakana ya jeshi wakati wa vita ya Hitla. Watu hapa wanaamini niliiendesha.

Nilikuwa nafagia chini yake.

Lakini mtu akifagia miaka mitatu pale pale, anaona mengi. Shule niliishia darasa la nne. Ufagio ndio ulionimalizia masomo.

Msimamizi wa machimbo aliniachia mashine kwa mbuzi wawili na maneno mengi. Lori la kahawa likaileta mpaka Bugene, na kutoka hapo wanaume wanane wakaibeba kwa miti kama wanabeba mgonjwa, wakiniuliza njia nzima kama ikifika itaomba chakula.

Shida ilikuwa kutu. Meza haikusogea hata nilipolining'inia gurudumu lake kwa uzito wangu wote, nami si mwembamba. Mafuta ya taa yalishindwa. Ndipo nikakumbuka jembe la marehemu mama lililowahi kuangukia kwenye rubisi iliyochacha. Lilitoka linang'aa kama sahani ya padri. Pombe yetu ya ndizi ikishakuwa kali, inakula kutu kuliko dawa yoyote ya Mzungu.

Nikahitaji chombo kikubwa, na hapa kwetu chombo kikubwa ni kimoja: ule mtumbwi wa mti tunaokanyagia ndizi. Mimi sina. Jirani yangu Ta Bitegeko anao, mrefu wa kulala watu wawili. Nikamwomba mtumbwi, nikasema nina pombe ya kuweka.

Sikudanganya. Niliweka pombe. Sikutaja tu nani ataoga ndani yake.

Siku sita meza, parafujo ndefu na magurudumu ya meno vililala mle. Nikavitoa, nikavisugua kwa majivu na magunzi, nikavikausha juani, nikavipaka mafuta, nikaviunga upya. Nikagusa gurudumu kwa kidole kimoja. Meza ikateleza kama samli kwenye sufuria ya moto.

Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Mtumbwi nikausuuza mara tatu, nikaurudisha na shukrani za kutosha watu kumi.

Sasa leo. Leo wakwe watarajiwa wa Ta Bitegeko walikuja kumposa binti yake, Adventina, aliyemsubiri kijana wake miaka miwili mpaka ng'ombe wa mahari wapatikane. Kwetu maneno ya posa hufungwa kwa pombe. Wasipokunywa pamoja, ni kama hawakuongea. Na pombe ya leo ilikanyagwa kwenye mtumbwi ule ule.

Ilipomiminwa ilikuwa nyeusi kama wino wa karani.

Desturi inataka mwenye nyumba aonje kwanza, wageni waone haina sumu. Ta Bitegeko akavuta mrija, akameza. Machozi yakamtoka.

Msemaji wa wakwe, mzee mfupi mwenye koti refu, akachungulia kibuyu. "Bwana Bitegeko, tumekuja kuoa. Hatukuja kuzikwa."

Minong'ono ikaanza, yote ikamwelekea Ma Justina, mama wa binti, kwa sababu mtama wa kuchachushia aliuleta yeye. Shangazi wa kijana akapaza sauti isikike mpaka barabarani: "Mtama huo umetoka shambani au kwa mganga?" Ma Justina akabaki amesimama, kata mkononi. Nyuma ya nyumba nikamsikia Adventina analia.

Rangi ile niliijua. Ni ya pombe chafu niliyoimwaga siku ya sita. Mti ulikuwa umekunywa kutu yangu, ukaja kuitapika kwenye posa ya watu.

Ningeweza kunyamaza. Nilinyamaza kidogo, tuseme ukweli, nikitazama buti zangu.

Halafu nikasimama. Mimi nikisimama watu hujiandaa kucheka, wanajua ni hadithi za vita ya Bama tena. Nikasema mtama wa Ma Justina hauna kosa, mwenye kosa ni mimi, nikaeleza mashine, kutu na mtumbwi.

"Kwa hiyo, Koplo," msemaji akauliza, "tunanyweshwa mashine?"

"Kidogo tu, mzee wangu. Sehemu kubwa ni ndizi."

Wakacheka mpaka mmoja akashika nguzo. Shangazi akamwendea Ma Justina, akamshika mikono yote miwili, akaomba radhi. Ma Justina alimsamehe, kisha akaja akamwaga kibuyu kizima juu ya buti zangu, polepole, bila kuruka hata kidole. Wakwe wakasema watarudi pombe ikiwa na rangi ya pombe. Adventina akatoka na macho mekundu, akawapigia magoti, shikamoo moja baada ya nyingine. Posa ipo.

Ta Bitegeko peke yake hakucheka. Alinisindikiza mpaka kwenye migomba.

"Mtumbwi ule aliuchonga baba yangu," akasema. "Ulijua utaharibika?"

"Sikujua, Ta."

Akageuka kurudi kwake. "Haya. Utachonga mwingine. Kwa tezo, si kwa hilo dude lako."

Jumatatu nakwenda kutafuta gogo. Mashine nimeifunika turubai. Haitazunguka mpaka Adventina aposwe kwa pombe safi. Hilo hakuna aliyeniagiza.

Lakini hapo juu nimeandika bahati, tena kwamba haikumgharimu mtu kitu. Ni uongo. Siku ya nne niliinua meza nikaona mti umekuwa mweusi, nikizamisha ukucha haufikii mwisho wa weusi. Nikaona pia kutu inatoka vizuri. Nikaongeza siku mbili.

Nilijua.