Jina Lako Lilipotoweka Kwenye Programu Yetu

Kaka yangu Magesa,

Wiki iliyopita nilifungua programu yetu ya kuwatumia wavuvi ujumbe wa upepo mkali, nikakuta jina lako halipo. Unakumbuka, kila mstari wa programu ulikuwa unaonyesha jina la aliyeuandika, na karibu yote ilikuwa yako. Sasa yote inamtaja Chacha, tuliyemwajiri baada ya kukuzika Butiama.

Wewe ukitaka kunyoosha mpangilio wa mistari ulikuwaga unaacha kazi nyingine zote. Unanyoosha, unahifadhi, ndipo unaendelea. Mama alikukuta kibarazani kule Bunda na kompyuta mapajani, akakuuliza mbona unafuta ulichoandika.

"Sifuti mama, nafagia. Na nikifagia sipikagi."

Chacha alifagia na kupika kwa mpigo mmoja, ananyoosha mistari huku anabadilisha maagizo yenyewe. "Dada Bhoke, nimenyoosha tu, sijagusa kitu," aliniambia. Nilipofungua kukagua, kila faili lilikuwa jekundu kwa yaliyofutwa na kijani kwa yaliyoongezwa, juu mpaka chini, kana kwamba limeandikwa upya. Ningeonaje kilichobadilika? Nikamwomba aitenganishe kazi yake, kunyoosha mbali na kubadilisha mbali. Nilipokwenda Nyakato kwa mteja, bosi akaipokea hivyohivyo. Alisema majaribio yamepita.

Juzi mchana upepo ulishuka ziwani. Akanipigia Baba Wambura, yule mvuvi aliyekuwa anakuletea sato.

"Mwanangu, ujumbe wenu mbona haujaja? Vijana wangu wako majini."

Kaka, nilisikia wanawake wakilia nyuma yake. Vijana waliokolewa jioni, wameng'ang'ania mtumbwi uliopinduka. Mmoja bado hajaweza kusema neno.

Nilirudisha programu ilivyokuwa kabla ya kazi ile ya Chacha, nikalinganisha mstari kwa mstari. Wewe uliandika upepo ukifikia kiwango cha hatari, ujumbe utumwe. Chacha aliandika ukizidi. Siku ile ulifikia, haukuzidi.

"Nilidhani mstari ule ulikosewa, dada," Chacha alisema. Tukanyoosha upya pamoja, mpangilio peke yake, kisha tukaiagiza mashine iliruke badiliko hilo kila inapotafuta jina la mwandishi wa mstari. Jina lako likarudi. Nililisoma kwa sauti, Chacha akainamisha kichwa.

Nilidhani ningepumua. Lakini tangu uondoke, bosi amepokea mizigo mingi ya mabadiliko ya namna ile, wa juu ukifunika wa chini. Nikimwambia tusimamishe kila kitu tukague, ananijibu, "Si inafanya kazi?" Nimefungua michache tu. Mmoja umegusa namba za simu za wavuvi, na sijui umezifanya nini.

Mchana huu mabati ya hapa Iringo yameanza kugongana kwa upepo. Kutoka dirishani naona mitumbwi imeshafika mbali. Simu yangu imo kwenye orodha ileile ya wavuvi, iko hapa mezani, na ujumbe haujaingia.

Lala salama, kaka. Ngoja nimpigie Baba Wambura.

Mdogo wako,
Bhoke